Lenzi za Kihisi Kidogo Kwenye Kamera ya Fremu Kamili

Wapiga picha wa harusi hapa Kigoma wanaotaka kuhamia kamera za fremu kamili huuliza kwanza kama lenzi zao za zamani, zilizoundwa kwa kamera za kihisi kidogo, zitaingia. Kwa Nikon zenye kioo ndani (DSLR) zinaingia bila shida; linalopaswa kuulizwa ni picha itakayopatikana.

Kihisi, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga na kuunda picha, cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, ilhali kile cha DX, jina la Nikon kwa kihisi kidogo, ni takribani 24 kwa 16, na lenzi ya DX hutoa duara la mwanga linalotosha hicho kidogo tu. Ukiifunga kwenye D750, kamera ya Nikon ya fremu kamili, kamera huitambua na kuikata picha yenyewe, hivyo megapikseli 24 hushuka hadi takribani 10. Picha ya A4 bado huchapishwa vizuri, ila kwa bango la ukumbini nisingeitegemea. Ukizima ukataji huo huku lenzi ya DX ya 18-55mm ikiwa kwenye 18mm, upana wake wa mwisho, mtumbwi uliopakiwa ufukweni Kibirizi utaonekana katikati tu, omo na tezi zikiwa zimemezwa na weusi wa pembeni. Lenzi ya DX ya 35mm f/1.8 ni afadhali sana, kwani huijaza fremu karibu yote, na kwa bibi harusi aliyesimama katikati, kona zilizofifia hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta.

Canon wana habari nyingine. Lenzi ya EF-S, ile ya Canon ya kihisi kidogo, haifungi kabisa kwenye kamera za fremu kamili za 5D wala 6D, kwa sababu sehemu yake ya nyuma huingia ndani zaidi, mahali ambapo kioo kikubwa cha kamera hupita kinapoinuka. Asiwepo wa kuilazimisha. Hata hivyo, lenzi za kihisi kidogo za Sigma (DC) na Tamron (Di II) zilizotengenezwa kwa Canon zina mdomo wa EF, ule wa kawaida wa kufungia lenzi za Canon, kwa hiyo huingia kimya kimya, na mwenye 5D hushtukia kona nyeusi. Kwenye EOS R, kamera ya Canon ya fremu kamili isiyo na kioo, kwa kutumia adapta, EF-S hukubali na picha hukatwa yenyewe.

Kwa maoni yangu, anayemudu bodi mpya (kamera bila lenzi) peke yake asubiri kwanza, kwani picha iliyokatwa hutumia eneo lilelile la kihisi alilokuwa nalo tangu awali. Fedha hizo zianze na lenzi ya fremu kamili, mathalani AF-S 50mm f/1.8G kwa mwenye Nikon, ambayo hufanya kazi kwenye bodi ya zamani leo na kwenye ile mpya itakapopatikana.