Samaki wangu wawili aina ya kangaja wameanza kupatana

Leo siku ya 9 tangu nimtie wa pili tangini, na asubuhi hii kwa mara ya kwanza nimewakuta wote wawili wakila mwani kwenye jiwe moja. Nimefurahi mno!

Kangaja wa njano amekaa miaka 3 kwenye tangi langu la matumbawe, na kila pango analiona lake. Nilipomtia mgeni, kangaja wa kahawia mwenye duara la njano machoni, hakungoja hata dakika. Alimgeuzia mkia akamchapa. Kangaja ana mwiba mkali kama wembe kila upande wa shina la mkia, na jeraha lake huweza kuingia maradhi. Moyo ulinipasuka.

Nilimtoa haraka, nikamweka ndani ya kisanduku angavu chenye matundu kinachoning'inia ndani ya tangi lilelile. Wanaonana, maji ni yaleyale, ila hawagusani. Siku mbili za mwanzo mwenyeji alikishambulia kisanduku bila kuchoka. Siku ya 5 akawa anapita tu. Siku ya 7 nikapanga upya mawe ili mipaka yake ya zamani ivurugike, nikabandika mwani mkavu sehemu mbili zilizo mbalimbali, nikazima taa, ndipo nikamfungulia mgeni.

Bado wanafukuzana kidogo wakati wa chakula. Hilo silihofii, maadamu mgeni anakula na mapezi yake hayajachanika. Kioo cha kujitazamia nimekiegemeza nje ya tangi: mwenyeji akianza ukorofi hugombana na sura yake mwenyewe, na mwenzake anapata kupumua.