Lisbon kwa miguu: kuifuata dhahabu ya Kilwa

Sauti ya ziara ya simu iliyokuwa sikioni mwangu ilianza kwa kunielekeza niupe mto Tejo mgongo, niutazame uwanja wa Praça do Comércio na tao kubwa la Rua Augusta. Niliibonyeza isimame kwanza. Pale Cais das Colunas ngazi pana za mawe zinashuka mpaka majini, na nguzo mbili zimesimama mtoni. Nilishuka hadi ngazi ya mwisho iliyokuwa kavu, nikautazama mto kwa muda mrefu. Kwa mto huu Vasco da Gama alitoka Julai 1497, na Aprili ya mwaka uliofuata akafika Mombasa na Malindi. Kwa mto huu huu alirudi 1503 kutoka safari yake ya pili, merikebuni mkiwamo dhahabu aliyomtoza mtawala wa Kilwa baada ya kuielekezea mji mizinga. Mimi ni mwalimu wa historia, mzaliwa wa Lindi, na habari hiyo nimeiandika ubaoni miaka nenda rudi. Mdogo wangu anasoma Lisbon. Aliponialika nikamtembelee, nilijua kabla hata ya kupanda ndege kwamba kuna kitu kimoja katika mji ule ambacho lazima nikione kwa macho yangu.

Kwa wasiozijua ziara za namna hii, ni hivi: unalipia kwenye simu, unapakua matembezi yote ukiwa nyumbani kwenye waifai ili usile bando, kisha unavaa hedifoni na kuondoka. Simu inajua ulipo kwa setilaiti. Ukifika mahali palipowekwa alama, simulizi inaanza yenyewe, na ukisimama inakusubiri. Mimi huvaa upande mmoja tu, sikio la pili nabaki nalo kwa ajili ya magari na tramu, maana tramu za Lisbon hupita karibu na ukuta kiasi kwamba mtu hujibanza mlangoni kuzipisha. Bebeni pawabenki. Vaeni viatu vyenye soli ya mpira, kwa sababu njia za miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyolainishwa na miguu ya watu hadi vinateleza hata bila mvua.

Naipenda ziara hii kuliko kumfuata mtu mwenye bendera. Hakuna anayekuharakisha. Ninaweza kukaa mahali pamoja nusu saa, nikarudia sentensi ileile mpaka iniingie. Kasoro yake ni moja: huwezi kuiuliza swali. Nami tangu pale uwanjani nilikuwa nalo.

Sauti ilisimulia vizuri sana habari za tetemeko. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa inawaka, ardhi ilitikisika. Waliookoka walikimbilia hapa mtoni penye uwazi, wakaona maji yanarudi nyuma, kisha yakaja kwa kishindo. Kilichosalimika na maji kikaliwa na moto uliowaka siku kadhaa. Jumba la mfalme lililokuwa upande wa kushoto wa uwanja lilitoweka pamoja na maktaba yake, na pembeni yake Casa da Índia, ofisi na ghala ambamo mali yote ya ng'ambo ilipimwa na kuandikwa. Sauti ilitaja pilipili manga na mdalasini. Dhahabu ya pwani yetu haikutajwa, nami nilibaki nimesimama juu ya mawe ya uwanja nikijua kwamba kipande hiki cha ardhi ndipo ilipopokelewa.

Kutoka hapo unaingia Baixa, mitaa iliyonyooka ambayo Waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, anayejulikana zaidi kama Marquês de Pombal, aliijenga upya juu ya kifusi. Hapa nakiri msimulizi alinifundisha mengi. Ndani ya kuta za majengo yale kuna fremu za mbao zilizofungwa kwa misalaba ya mshazari, ili ardhi ikitikisika nyumba icheze bila kuanguka. Inasemekana waliijaribu kwa kuwaamrisha askari wapige kwata kuizunguka. Pombal pia alipeleka maswali kwa maparoko nchi nzima: tetemeko lilidumu muda gani, bahari ilifanya nini, walikufa wangapi. Wataalamu wa matetemeko mpaka leo wanayatumia majibu yale. Mitaa yenyewe ilipewa majina ya kazi: wa dhahabu, wa fedha, wa washona viatu. Nilipita ule wa dhahabu, Rua do Ouro, taratibu.

Ziara ilinipitisha haraka kwenye Largo de São Domingos, nami nikakataa kupita haraka. Kanisa lililopo hapo liliungua mwaka 1959, na walipolirudisha hawakuzifunika nguzo zilizopasuliwa na moto. Ukiingia unaona mawe yaliyobanduka vipande, yamepauka, na juu yake dari lililopakwa rangi ya machungwa. Nje kuna jiwe lenye nyota ya Daudi, lililowekwa 2008, kuwakumbuka Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa na kisha wakauawa mamia kwa mamia Aprili 1506, baada ya fujo iliyoanzia ndani ya kanisa hilo.

Kiwanja hicho leo ni baraza ya Waafrika. Wengi wanatoka Guinea-Bissau, wanaume wamesimama wakizungumza, akina mama wamekaa na bidhaa zao. Nilikuwa nikiongea na mdogo wangu kwa simu, nikimweleza nilipo, mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu akageuka.

"Wewe Mtanzania?"

"Ndiyo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mtu wa Mueda. Nimesoma Bagamoyo, shule ya Frelimo."

Alikuwa Mmakonde wa Msumbiji, aliyesomeshwa na chama kilichowapigania uhuru dhidi ya Wareno, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha miaka ya sabini, chenye "ndugu" nyingi. Alivuka Ruvuma akiwa mtoto, mgongoni kwa mama yake sehemu ya njia. Akaniuliza kama miembe ya Bagamoyo bado ipo. Nikamwambia ipo. Nilipomweleza naelekea wapi, alinishika mkono akasema, "Basi nenda kwanza Carmo, panda hapo juu. Pale ndipo vita yetu ilipokwisha."

Carmo ilikuwa kwenye ramani ya ziara, tena ndicho kituo cha mwisho. Kuna lifti ya chuma ya mwaka 1902, Santa Justa, inayokupandisha kutoka Baixa, lakini foleni yake ilikuwa ndefu, nikapanda kwa miguu. Juu kuna kanisa lisilo na paa. Lilianzishwa 1389 na Nuno Álvares Pereira, likaangushwa na tetemeko, na kazi ya kulijenga tena ikakatishwa 1834. Matao yake yamesimama wazi kama mbavu za jahazi lililoachwa pwani bila kumaliziwa, na chini yake kuna nyasi badala ya sakafu. Ni mahali pazuri kuliko pote nilipopita siku ile.

Ila mzee hakunituma kwa ajili ya kanisa. Ubavuni mwake kuna kambi ya GNR, askari wa ulinzi wa taifa la Ureno, na mbele ya kambi kuna kiwanja chenye miti na chemchemi ya mawe. Tarehe 25 Aprili 1974 Waziri Mkuu Marcelo Caetano alijifungia humo. Kapteni Salgueiro Maia, aliyetoka Santarém usiku na magari ya deraya, aliizingira kambi, na watu wakafurika kiwanjani, askari wakiwa na maua mekundu ya karnesheni kwenye mitutu ya bunduki. Kufikia jioni Caetano alikuwa amesalimu amri, na utawala wa kimabavu uliodumu tangu 1926 ukawa umekwisha.

Msimulizi alisema maofisa vijana walikuwa wamechoshwa na vita vya Afrika. Sentensi moja, basi, akaendelea na maua. Lakini vita vya Msumbiji viliendeshwa kutoka kwetu! Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea, mji ambao kutoka nyumbani Lindi ni safari ya basi. Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Dar es Salaam, Februari 1969. Wakulima wa kusini walipokea wakimbizi na kugawana nao mihogo. Watu hao wote walikuwa na mkono katika kilichotokea kwenye kiwanja hiki chenye chemchemi, na mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 1975, Msumbiji ikawa huru. Ninataka wanafunzi wangu wajue kwamba uhuru ule ulisafiri pande mbili: Wareno nao waliupata.

Ziara ikaisha hapo, msimulizi akaaga. Nikazitia hedifoni mfukoni, nikashika njia yangu mwenyewe kuelekea magharibi, kupitia Chiado na sanamu ya mshairi Camões, kisha mteremko wa Calçada do Combro.

Chini ya mteremko unaanza mtaa wa Rua do Poço dos Negros, yaani mtaa wa shimo la weusi. Una mikahawa, kinyozi, nguo zimeanikwa madirishani, na reli za tramu 28 zinapita katikati. Novemba 1515 Mfalme Manuel I aliliandikia baraza la mji kwamba maiti za watumwa zinatupwa ovyo na kuliwa na mbwa, akaagiza lichimbwe shimo refu la kuwatupia, na kila baada ya muda imwagwe chokaa. Jina la mtaa limebaki. Katikati ya karne ile takriban mtu mmoja kati ya kumi mjini Lisbon alikuwa mtumwa. Nilitafuta alama kwenye simu yangu, hakuna ziara iliyosimama hapa. Nilisoma Fatiha pale pale kando ya njia, mikono wazi, watu wakinipita. Mtaa wa jirani, Madragoa wa leo, zamani uliitwa Mocambo, na ulikuwa makazi ya Waafrika, watumwa na waliokombolewa, waliofanya kazi za mtoni na za kubeba maji. Nilivipita vichochoro vyake bila haraka, kisha nikatokea Rua das Janelas Verdes, kwenye Jumba la Taifa la Sanaa za Kale.

Ndani ya kabati la kioo, chini ya taa, ipo Custódia de Belém. Wakatoliki wataijua wakisikia ni monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi. Ina urefu wa zaidi ya sentimita 70, nayo ni dhahabu, na hufikiriwa kuwa ni kazi ya mfua dhahabu Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka sehemu ya kioo, kila mmoja na sura yake, kila mmoja na rangi yake iliyochomewa juu ya dhahabu, samawati, kijani, nyekundu. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe mdogo. Chini, kwenye kitako, fundi amechora ndege, maua na konokono, mistari yake myembamba mno. Nilisogea hadi pumzi yangu ikaacha ukungu kwenye kioo. Ni kazi ya mikono iliyojua hasa inachokifanya, na nasema hivyo bila kinyongo.

Kisha nikazunguka kitako kusoma. Maandishi yapo, herufi nyeupe, Kireno cha zamani: Mfalme Manuel ameamuru itengenezwe kwa dhahabu na kodi ya Kilwa, ikamalizika 1506. Quiloa. Jina limekaa hapo wazi, ingawa matembezi ya mjini hayakulitamka hata mara moja. Kodi hiyo ililipwa na mji uliokuwa na msikiti mkubwa wa mawe na sarafu zake wenyewe, mji ambao Ibn Battuta aliusifu alipoutembelea 1331. Na mwaka 1505, fundi akiwa bado na kazi hii mikononi, meli za Francisco de Almeida ziliiteka na kuipora Kilwa, kisha Mombasa.

Mlinzi wa chumba, mama wa makamo, aliniona nimekawia. Alikuja, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba natoka karibu na mahali palipoandikwa pale. Hakuelewa mara moja. Nikafungua ramani ya simu, nikamwonyesha Kilwa Kisiwani, nikaikuza mpaka misikiti ikaonekana kati ya miti. Aliinama juu ya simu, akaitazama, akamwita mwenzake wa chumba cha pili, naye akaja. Nikawaonyesha wote wawili picha zangu za Husuni Kubwa na za Msikiti Mkuu. Waliniuliza kama watu bado wanaishi kisiwani. Nikawajibu wanaishi, wanavua na kulima, na mtoto wa huko nimewahi kumfundisha.

Usiku ule mimi na mdogo wangu tulianza kurekodi matembezi hayohayo kwa Kiswahili, kwa simu, dirisha likiwa limefungwa. Tulianza na Poço dos Negros, maana hapo hapakuwa na sauti kabisa. Carmo nimemwachia yeye. Atakayependa kutembea nayo ataipata bure, ila aulize kwanza kama jumba liko wazi, na asiende Jumatatu. Kuhusu kituo cha mwisho bado tunabishana: yeye anataka kianzie Kilwa, dhahabu ilipochukuliwa, mimi nasema kianzie Sofala, pwani ya Msumbiji, ambako wafanyabiashara wa Kilwa waliinunua kwa haki.