Insulini Hukomaa Ndani ya Kifuko Chake

Wanafunzi ninaowafundisha baiolojia hapa Mwanza hujibu upesi kwamba kongosho hutoa insulini, lakini wengi hunyamaza ninapowauliza homoni hiyo ilikuwa wapi, na katika hali gani, kabla ya kutolewa. Naliona swali hilo kuwa kiini cha somo zima, kwa sababu insulini haiundwi ikiwa kamili. Hukamilika ndani ya kifuko kinachoihifadhi.

Seli ya beta, yaani seli ya kongosho inayotengeneza insulini, huanza kwa kuunda mnyororo wa asidi amino 110, vijenzi vya protini. Kipande cha mwanzo, chenye asidi amino 24, huuingiza katika retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, kisha hukatwa, na kinachobaki ni proinsulini, yaani insulini ambayo bado haijakamilika, ambayo mtafiti Donald Steiner wa Chicago aliitambua mwaka 1967. Proinsulini husafirishwa hadi Golgi, sehemu ya seli inayofungasha protini, ambako sehemu ya utando humeguka pamoja nayo na kuwa kifuko kichanga.

Hapo ndipo kazi ninayoistaajabia huanza. Pampu zilizo katika utando wa kifuko huingiza protoni (ayoni za hidrojeni), asidi ikaongezeka hadi pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, hukaribia 5, na vimeng'enya vinavyohitaji hali hiyo huikata proinsulini mahali pawili. Asidi amino nne za mipakani huondolewa, zikabaki insulini yenye asidi amino 51 na kipande kingine kiitwacho peptidi C, chenye 31. Wakati huohuo zinki huingizwa kwa wingi, na molekuli sita za insulini hushikana kuzunguka ayoni mbili za zinki, kisha makundi hayo hujipanga kuwa fuwele. Kwa kuwa fuwele haijayeyuka, kifuko huweza kubeba homoni nyingi mno bila kuvuta maji na kuvimba.

  

Sukari ya damu inapopanda, kifuko kilichokomaa huungana na utando wa seli na kufunguka. Fuwele huyeyuka, na insulini hutoka pamoja na peptidi C kwa idadi sawa ya molekuli. Kwa hiyo daktari anayetaka kujua kama mgonjwa anayejidunga insulini bado anatengeneza ya kwake hupima peptidi C, kwa kuwa dawa ya sindano haina peptidi hiyo.