Siku moja maishani mwangu: kupanga herufi za tovuti

Saa 2:00 asubuhi. Wengi hudhani kazi hii ni kuchagua fonti nzuri. Hilo huchukua dakika kumi. Naanza na aya: herufi za pikseli 16 (nukta za skrini), nafasi ya mistari mara 1.5 ya ukubwa huo, na kwenye kompyuta mstari usizidi herufi 70 hivi. Simu ndiyo yenye mgogoro, maana maneno yetu ni marefu. Kichwa cha "Tunavyowahudumia" kwa pikseli 40 hakiingii kwenye skrini ndogo, na ukurasa mzima unaanza kuyumba kushoto na kulia. Kichwa hicho kwenye simu nakishusha hadi 28.

Saa 4:00. Mafaili ya fonti. Faili kamili hubeba hata herufi za Kigiriki na za Kirusi, mzigo wa bure kwa bando la msomaji. Nikilikata libaki na herufi za Kilatini, hizi tunazoandikia, na kuligeuza WOFF2 (faili la fonti lililobanwa kwa ajili ya tovuti), kilobaiti 150 na ushei hushuka hadi karibu 20. Nachukua uzito, yaani unene wa herufi, wa kawaida na mzito, basi. Ule mzito ukisahaulika, kivinjari hujitengenezea unene bandia na herufi zinavimba kama zimelowa. Kisha naweka agizo la font-display: swap, ili mwenye mtandao wa kusuasua asome kwa fonti ya simu yake wakati yetu inashuka.

Saa 6:00 mteja anapiga, mwenye hoteli ya ufukweni. Anataka vichwa vyote kwa fonti ya mwandiko, tena herufi kubwa tupu. Namweleza kwamba katika fonti hizo herufi kubwa ina mkia uliochorwa kupokea herufi ndogo. Ukizipanga kubwa tupu, mikia inagongana na KARIBU inakuwa kamba iliyojifunga mafundo. Hataki. Namtumia picha. Hataki. Tunaafikiana jina la hoteli tu. Halafu aya: anazitaka kijivu cha #999999 (msimbo wa rangi, kijivu hafifu), "zipendeze". Juu ya nyeupe utofauti wake wa mwangaza haufiki hata 3 kwa 1, na kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazosomeka na wote, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1.

"Bosi, toka nje na simu, unisomee bei ya chumba."

Kimya. "Elfu themanini."

"Ni sitini."

"Aah, kioo changu kichafu tu, kaka."

Tumehamia #595959, ambayo ni 7 kwa 1. Chakula kimeshapoa.

Mchana wote unaliwa na alama moja. Ng'ombe, ng`ombe, ng´ombe: kila mwandishi na yake. Nazisawazisha zote ziwe ’, kumbe nilipokata fonti niliiacha nje, kwa sababu U+2019, namba ya alama hiyo kwenye kompyuta, haimo kwenye Kilatini cha msingi. Kivinjari kinaiazima kwenye fonti nyingine, nayo inasimama katikati ya neno kama mgeni asiyepewa kiti. Nakata upya.

Macho yanawasha. Kisanduku cha kujaza jina kilikuwa pikseli 14; iPhone hukuza ukurasa yenyewe ukigusa kisanduku chenye herufi chini ya 16, kwa hiyo nimekipandisha. Sasa kitufe cha "Tuma maombi" kimebanwa, kinasomeka "Tuma mao". Hicho ni cha kesho.