Amonaiti zangu zilikuwa zinageuka unga

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. "Baba watoto, mawe yako yameota ukungu."

Visukuku vyangu kumi na kimoja vya amonaiti (mabaki yaliyogeuka mawe ya wanyama wa kale wa baharini wenye gamba lililojiviringisha), nilivyookota ufukweni Charmouth, kusini mwa Uingereza, vilikuwa kwenye rafu ya jikoni, juu kidogo ya birika. Viwili vilikuwa na unga mweupe wenye umanjano, vinanuka kama kiberiti, na karatasi ya jina chini yake imeungua kahawia.

Haukuwa ukungu. Amonaiti hizi, za miaka milioni 190 hivi, zina pairaiti, madini ya chuma na salfa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, pairaiti huoza na kutoa asidi ya salfa. Nami, kwa ujuaji wangu, nikaviosha! Kimoja kikapasuka vipande vitatu usiku uleule.

Vilivyobaki nilivisugua kwa mswaki mkavu, nikavihamishia sebuleni ndani ya sanduku la plastiki angavu lenye mfuniko unaobana. Chini nikamwaga punje za silika, zinazonyonya unyevu, nikazifunika kwa kadi yenye vitundu, na kila kisukuku kikakalia pete niliyoikata kwenye bomba la plastiki. Kabati la mwaloni nililikataa: mbao hizo hutoa mvuke wa asidi. Kipima unyevu kilishuka kutoka asilimia 72 hadi 41 kwa siku nne. Punje zikibadilika rangi, nazikausha kwenye oveni.

Huu ni mwezi wa nane tangu nivihamishe, na sijaona unga mpya. Kile kilichopasuka kina boksi lake, maana asidi yake huharibu wenzake.