Mita tatu, f/8: kujifunza kupiga picha kwa mkono na Epson R-D1 ya mtumba

Sisi wa Tanga vitu vya Japani vilivyokwisha kutumika tumevizoea. Gari, pikipiki, mashine za kushonea, redio, vyote vinashuka bandarini na vinapata wenyewe. Kazi yangu mwenyewe ni ya kutoa mizigo forodha, kwa hiyo wazo la kuagiza kamera ya mtumba halikunipa hofu. Nilichokuwa nakitafuta ni kamera ambayo haitanisaidia. Simu yangu inanisaidia mno: inachagua mwanga, inachagua fokasi, inalainisha uso wa mtu bila kuombwa, na picha ikitoka nzuri sijui ni kwa nini. Nilitaka kujua ni kwa nini.

Nikaishia kwenye Epson R-D1. Ndiyo Epson hiyo hiyo ya printa za ofisini. Mwaka 2004 walitoa renjifainda ya kwanza ya kidijitali duniani, yaani kamera ambayo unafokasi kwa kulaza taswira mbili kwenye kidirisha, wakisaidiwa na Cosina waliotengeneza mwili wake. Leica, ambao ndio wenye jina katika kamera za aina hii, walifika na M8 yao mwaka 2006. R-D1 ina pikseli milioni 6 tu, na mtu akisikia hivyo anacheka kwa sababu simu ya bei ndogo sokoni ina zaidi. Lakini mdomo wake unapokea lenzi za Leica M, ule mfumo ulioanza na M3 mwaka 1954. Yaani lenzi iliyotengenezwa kabla ya Uhuru unaweza kuifunga leo ikafanya kazi. Mimi nimefunga Voigtländer Color-Skopar ya milimita 35, f/2.5, ndogo kiasi kwamba kamera inaingia kwenye mfuko wa koti.

Juu ya kamera kuna kisahani chenye mishale minne: mmoja unaonyesha picha zilizobaki kwenye kadi, mwingine chaji, mwingine rangi ya mwanga, mwingine ubora wa picha. Pembeni kuna mkono wa kuvuta kwa dole gumba kabla ya kila picha, ingawa hakuna filamu ndani. Mkono ule unakaza shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga. Usipouvuta, hupigi. Na kioo cha nyuma kinageuzwa kikatazama ndani, ukabaki unaona mgongo mweusi tu. Kwa mwanafunzi, hiki kipande kimoja kina thamani kuliko pikseli zote. Mimi nimekifunga, nakifungua nikirudi nyumbani.

Sasa fokasi. Kwenye uso wa kamera kuna vidirisha viwili. Kimoja ndicho unachochungulia, kingine kipo mbali nacho kidogo. Kile cha pili kinachukua taswira yake na kuileta katikati ya unachokiona, kama doa dogo la mraba lenye mwanga. Ukitazama mlango, utaona ukingo wa mlango mara mbili ndani ya doa lile. Zungusha lenzi: ukingo mmoja unasogea. Unazungusha mpaka kingo zilaliane zikawa moja, hapo fokasi imekaa. Hakuna mota wala mlio wowote. Ni hesabu ya pembetatu inayofanywa na vyuma na vioo.

Doa lile linapenda mistari iliyosimama. Nguzo ya umeme, nondo za dirisha, ukingo wa shela, mshono wa mbele wa kanzu. Shavu la mtu halina mstari, kwa hiyo mimi hutafuta pembe ya jicho au mahali ambapo kofia inakutana na paji. Ukiwa huna pa kushika, teremka kwenye ukosi wa shati. Baada ya muda jicho linazoea na linakimbilia pale lenyewe.

Ukinunua ya mtumba, jambo la kwanza ni kukagua hapo. Weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, tazama mnara wa simu ulio kilomita kadhaa, uone kama taswira mbili zinalaliana barabara, kushoto kulia na pia juu chini. Kamera hizi zikigongwa, taswira ya pili hupanda au kushuka, na hilo linahitaji fundi mwenye mkono mwepesi. Kagua pia kama mistari ya fremu, ile inayoonyesha mipaka ya picha, inabadilika unaposogeza kile kiswichi cha lenzi za milimita 28, 35 na 50. Na kumbuka unachungulia kidirisha, huoni kupitia lenzi. Kifuniko cha lenzi kikibaki mahali pake, utaona dunia safi kabisa na kadi itaandika giza.

Nije kwenye mwanga, maana hapo ndipo penye utamu.

Kuna vitu vitatu vya kuzungusha: tundu la lenzi linalopitisha mwanga (ndizo namba za f/), kasi ya shata, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuushika mwanga. Vitabu huvieleza kimoja kimoja, sura kwa sura, mpaka msomaji anachoka. Mimi nilielewa pale nilipoviona vyote vinatembea kwa hatua moja: kuzidisha mara mbili au kugawa kwa mbili. Shata ya 1/250 ya sekunde inaingiza mwanga mara mbili ya 1/500. ISO 400 ni mara mbili ya 200. Namba za tundu ndizo zinazochanganya, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, kwa kuwa namba ikipanda tundu linapungua, na kila hatua mwanga unakatwa nusu. Ukishashika hilo, ukiongeza hatua huku unapunguza kule, picha inabaki na mwanga ule ule, kinachobadilika ni tabia yake.

Na sisi tuna bahati ambayo watu wa nchi za mawingu hawana. Tanga ipo nyuzi tano tu kusini ya ikweta. Jua likiwa wazi, saa tano ya leo na saa tano ya kesho ni mwanga ule ule. Kuna kanuni ya wapigapicha wa zamani: penye jua kali, weka tundu f/16, na shata iwe sawa na ISO. ISO 200, shata 1/250 au karibu na hapo. Ulaya wanaitumia kwa wasiwasi. Hapa unaweza kuiamini tangu asubuhi jua likishapanda mpaka alasiri.

Mimi nimeigeuza kidogo ili nibaki na namba moja kichwani. ISO 400, tundu f/8, siyagusi. Penye jua kali, shata 1/2000, ambayo ndiyo kasi ya mwisho ya kamera hii. Kwenye kivuli cha wazi, chini ya baraza au upande wa jengo usiopigwa na jua, shata 1/250. Hatua tatu, kitufe kimoja cha kuzungusha. Nikitembea Ngamiani kwenye barabara zile za namba, nikitoka juani kuingia kivulini kidole kinazungusha kabla sijainua kamera. Hapo ndipo nilipoanza kuona mwanga wenyewe badala ya kuona vitu tu: kwamba upande huu wa barabara ni 1/250 na ule ni 1/2000, na mtu anayevuka anapita katikati ya dunia mbili.

Kamera ina kipimo cha mwanga ndani, na kina msaada. Lakini lazima ujue kinavyofikiri. Kipimo hakijui kama kinatazama kanzu nyeupe au ngozi nyeusi. Kinadhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani, na kinakupa namba za kukifanya kiwe kijivu. Elekeza kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kitasema mwanga ni mwingi, funga. Ukikitii, ukuta unatoka kijivu, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake anatoka kama kivuli chenye meno. Elekeza kwenye uso mweusi uliojaa fremu nzima, kitasema giza, fungua, na ngozi inatoka imepauka kama imepakwa vumbi.

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu tumezoea kupigwa picha vibaya. Picha ngapi za harusi za kwetu, bibi harusi amevaa shela jeupe na uso wake haujulikani ulipo? Anasingiziwa weusi, na weusi hauna kosa lolote. Mpigaji alikiachia kipimo kiamue, kipimo kikaamua kwa ajili ya nguo.

Dawa yake ninayoitumia ni kiganja. Nanyoosha kiganja changu kwenye mwanga ule ule alioko mtu, nakijaza kwenye fremu, nasoma namba. Viganja vyetu ni vyeupe kuliko nyuso, hivyo naongeza mwanga hatua moja kutoka pale: kipimo kikisema 1/500, naweka 1/250. Kisha namgeukia mtu na kupiga bila kusikiliza kipimo tena. Kila mtu akijaribie kiganja chake, maana havifanani. Penye ukuta mweupe na jua, siwezi kupata vyote, sensa hii ya zamani, kile kipande kinachopokea mwanga, ikiungua ikawa nyeupe tupu imeungua, hairudishi kitu. Hapo mimi naupa uso haki yake kwanza, ukuta uungue. Lakini kilicho bora zaidi ni kumwomba mtu aingie hatua moja kwenye kivuli, akiutazama ukuta ule ule wenye jua upande wa pili wa barabara. Chokaa inarudisha mwanga laini usoni, na ngozi nyeusi inaonyesha rangi zake zote, wekundu, dhahabu, hata buluu ya anga kwenye paji. Hakuna taa ya studio niliyoiona inayoshinda hiyo.

Umbali nao ni somo jingine, na ndilo ambalo renjifainda inafundisha kuliko kamera yoyote. Lenzi imechorwa mita juu yake: 0.7, 1, 1.5, 2, 3 na kuendelea. Ukiweka f/8 na fokasi mita tatu, kwa lenzi hii na sensa hii, kila kilicho kati ya mita mbili na kidogo mpaka karibu mita tano kinatoka kikiwa kikali vya kutosha. Yaani huna haja ya kufokasi. Una haja ya kujua mita tatu. Nyumbani nilipima kwa futi ya fundi kutoka kwenye kizingiti, nikaweka alama ya chaki, nikawa nasimama pale mpaka mwili ukajua. Sasa nikiingia dukani najua muuzaji yuko mita mbili au tatu bila kufikiri.

Nimejifunzia hasa Deep Sea, kwenye soko la samaki, asubuhi mashua zinapoingia. Pale hakuna anayekusubiri. Ndoo zinapita, dalali anapiga mnada, maji ya barafu yanamwagika. Ukianza kuhangaika na doa la fokasi, kilichokuvutia kimeshaondoka. Unaweka mita tatu, unasimama mita tatu, unapiga. Na kwa kuwa kidirisha cha R-D1 kinaonyesha vitu kwa ukubwa wake halisi, unaweza kuacha macho yote mawili wazi. Unaona fremu inaelea mbele yako na unamwona mbeba ndoo akija kabla hajaingia ndani yake.

Siku moja mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu alinitazama kwa muda. Nilikuwa nimemwamkia na kumwomba ruhusa, akakubali.

"Mbona huangalii nyuma kama wenzio?" akauliza.

"Kioo nimekifunga, mzee."

"Sasa utajuaje kama imetoka?"

"Nimepima mwanga, na umbali naujua. Ni mita tatu."

Akaukadiria kwa jicho, tokea goti lake mpaka miguu yangu. "Pima mbili," akasema, "haifiki pima mbili." Ni kweli. Pima ni urefu wa mikono iliyonyooshwa, pima mbili ni kama mita tatu na nusu. Watu wanaokadiria kina cha maji kwa kamba hawahitaji alama ya chaki. Tangu hapo na mimi napima umbali kwa pima, ni rahisi kuliko mita.

Baiskeli ndizo ninazozifanyia kazi sasa. Mji huu umejaa baiskeli, na baiskeli ni mwalimu mzuri wa shata. Kwa 1/500 anayepita mbele yako anaganda, spoku zinahesabika. Kwa 1/30, ukimfuata kwa kamera huku kiuno kinageuka taratibu na ukabonyeza katikati ya mwendo, yeye anabaki na nyuma yake panakuwa mistari. Tatizo la 1/30 juani ni kwamba mwanga unazidi hata ukifunga mpaka f/22, ndiyo maana naifanya jioni, jua likishazama nyuma ya nyumba, ISO 200. Usiku napandisha ISO mpaka 1600, punje zinajaa lakini si mbaya, zina sura ya filamu, hasa ukiipeleka picha kwenye nyeusi na nyeupe.

Jambo la mwisho kwa anayefikiria kununua. Piga kwa faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata, si JPEG, kwa kuwa giza unaweza kulinyanyua baadaye kidogo. Betri yake ni ya umbo la Fuji NP-80, bado zinapatikana mtandaoni. Kadi ndiyo shida: inataka SD za zamani za GB 2 kushuka, hizi kubwa za sasa haizisomi. Nimeuliza maduka yote ya simu pale stendi na wanazo za GB 32 kwenda juu tu. Mwenye za GB 2 zimelala kwenye droo, awe Tanga, Muheza au Dar, aniandikie hapa chini, nanunua zote.