Gitaa langu linavyonilisha Lubumbashi

Vijana wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, wanaokuja kwangu kujifunza gitaa huniuliza swali moja: pesa inatoka wapi? Nawajibu wazi. Haitoki baa, haitoki YouTube, wala haitoki kwa mkubwa anayetaka jina lake litajwe kwenye wimbo. Inatoka sokoni, kwenye spika za wauza samaki, wauza mitumba na wauza dawa ya panya, ninaowatungia matangazo ya kuimba.

Baa nimepiga miaka, mitaa ya Kamalondo na Kenya, hapahapa Lubumbashi. Mwenye baa anahesabu kwanza kreti za bia, ndipo anawakumbuka wanamuziki. Mvua ikinyesha, hakuna kashe, yaani malipo ya wanamuziki. Umeme ukikatika, mafuta ya jenereta yanakatwa kwenye kashe hiyohiyo. Kinachobaki mnagawana watu sita, na bado teksi ya kurudisha vyombo inadai. Usiku mzuri nilirudi na dola 5. Wimbo nao ukipendwa, kesho yake uko kwa vijana wa barabarani wanaopakia nyimbo kwenye kadi za memori za simu. Wao wanalipwa, mtunzi halipwi. Sheria ya haki za watunzi ipo nchini tangu tarehe 5 Aprili 1986, lakini nyimbo zangu zimepigwa redioni na sijaona hata faranka moja.

Mabanga nayo nimeimba, yaani kutaja majina ya watu kwenye wimbo ili walipe. Unamtaja tajiri, anafurahi, anatoa. Siku akinuna, au biashara yake ikianguka, na wewe unalala njaa. Nilichoka kuishi kwa kuangalia uso wa mtu mmoja.

Nilipata njia kwa kuwasikiliza wazee wetu wa gitaa. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alipokwenda Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 aliimbia tangazo la dawa ya Aspro. Mpiga gitaa mwenzake, Edouard Masengo, naye akaimbia Coca-Cola. Na ni Mwenda huyohuyo aliyepiga kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969. Kama tangazo halikumshushia Mwenda heshima, mimi ni nani nilikatae?

Nikaenda Soko Mzee. Pale kila muuzaji ana spika inayorudia maneno yaleyale toka asubuhi mpaka jioni, sauti kavu ya mtu aliyechoka. Nilianza na mama mmoja muuza makayabo, samaki wa chumvi. Nilimwimbia palepale mbele ya meza yake, mistari minne, gitaa likienda kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, mtindo wetu wa Katanga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Mutoto yangu, batu basikie bei kwanza. Sauti ya muzuri batasikia nyuma."

Alisema kweli, na neno lake ndilo limekuwa kanuni ya kazi yangu. Bei inakuja kwanza, jina la bidhaa linafuata, na mahali pa meza panafunga. Lakini bei hapa hazikai. Dola ikipanda, makayabo yanapanda siku hiyohiyo. Kwa hiyo bei nairekodi peke yake, kwa mapigo yaleyale, ili ikibadilika niitoe niweke nyingine bila kugusa wimbo mzima. Tangazo jipya ni dola 10, kubadilisha bei ni dola 2. Hizo dola mbilimbili ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, kwa sababu zinarudi kila mara.

Jambo jingine ambalo studio haikunifundisha ni kwamba spika ya sokoni haina besi. Nyuzi nene zinapotea kabisa, zinabaki kelele tu. Napiga juu, kwenye nyuzi nyembamba, naimba sauti ya juu kidogo, na siweki mwangwi hata chembe. Narekodi usiku chumbani, godoro limeegemezwa ukutani, halafu asubuhi naenda kujaribu kwenye spika ya mwenyewe, pale pale kwenye kelele za soko. Muuzaji wa jirani akigeuka, nimefaulu.

Malipo napokea kwa simu kabla sijatoa kadi yenye tangazo. Hata kwa shangazi yangu. Hili sitanii nalo, maana ahadi za "kesho" ndizo zilizowatoa rafiki zangu kwenye muziki. Mmoja sasa anavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa na magari ya mizigo, na alikuwa na mkono mzuri wa solo kuliko wangu.

Kuna wanamuziki wanaosema hii si sanaa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kutunga wimbo wa sekunde ishirini ambao mama mwenye haraka anasimama kuusikiliza ni kazi ngumu, na ninaifanya kwa moyo wote. Nyimbo zangu ndefu bado natunga. Sasa nalipa studio mwenyewe, na naimba ninachotaka bila jina la mtu ndani yake.

Kama uko Likasi au Kolwezi na unataka kujaribu, anza na muuzaji ambaye tayari ana spika. Kaa karibu naye saa nzima, sikia anavyomwita mteja, kisha mwimbie kwa maneno yake mwenyewe.